Ubavu wa Kumi na Nne

Weka kiganja chako ubavuni, hapo hapo ulipo, uanze kuhesabu mbavu kutoka chini kwenda juu. Utapotea njiani. Kila mtu hupotea, kwa sababu zile za juu zimejificha nyuma ya bega. Nikuokolee muda: ni kumi na mbili kila upande, mwanamume na mwanamke sawasawa. Nimewahi kubishana na shemeji yangu siku nzima, yeye akishikilia kwamba sisi wanaume tuna pungufu ya moja tangu Bustani ya Edeni, nami nikamwambia avue shati tuhesabu. Akakataa kuvua. Ubishi wetu haujaisha mpaka leo.

Ng'ombe anazo kumi na tatu. Mbuzi vilevile kumi na tatu. Punda kumi na nane, na msiniulize nimejuaje.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa nyama. Miaka thelathini na kitu nimeimaliza kwenye machinjio: kwanza Shinyanga mjini, halafu Katoro, mwisho Mwakitolyo huko kwenye machimbo ya dhahabu. Watu wa huku hawana habari na cheo cha mkaguzi, wanatuita Bwana Afya basi. Nimestaafu, lakini nikipita sokoni bado utamwona mwenye bucha anafunika kitu kwa gazeti. Siku hizi sisemi neno, nacheka tu na kwenda zangu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, na nyinyi mnaosomea mambo mengine kabisa, nina habari ya kuwapa ambayo kila nikiisimulia nainuka kitini. Ni habari iliyonifurahisha kuliko yote niliyoyaona kazini. Tatizo ni kwamba haisimuliki bila kosa langu, kosa ambalo nusura limwondoe mama mmoja nyumbani kwake. Kwa hiyo nitasimulia vyote viwili, na kama mtanicheka, chekeni.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sadiki, mtu wa Tabora aliyehamia Shinyanga zamani, mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi hata siku za masika. Wiki ya kwanza hakunipa kisu. Alinipa kazi ya kuhesabu mbavu. Kila ng'ombe aliyechunwa na kutundikwa, mimi napita na kidole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Siku ya nne nikachoka, nikamuuliza kwani mbavu zinakwenda wapi.

"Zinakwenda mfukoni," alinijibu. "Ngoja utaona."

Na kweli. Kifua kikuu cha ng'ombe huacha vinundu ndani ya kifua, vimeshikamana na mbavu. Mwenye bucha mjanja akiviona kabla yako, hukata ubavu mmoja wa nyuma, akasafisha pale, akapangusa kwa kitambaa, na wewe ukija unakuta nyama inang'aa. Macho yatadanganyika. Kidole kikifika kumi na mbili kikakosa pa kwenda, ujue kuna kitu kimefichwa. Siku nilipokamata wa kwanza, Mzee Sadiki alifurahi mpaka akaninunulia chai na maandazi manne. Jifunzeni hilo, halijapitwa na wakati hata sasa ambapo mnapiga picha kwa simu na kumtumia daktari wa mifugo aliye mbali.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoniponza. Alikuwa akisema, "Usichokijua, usikipige muhuri." Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Ni neno zuri, na limeokoa matumbo mengi. Ila Mzee Sadiki mwenyewe alipokutana na asichokijua aliuliza: alikwenda kwa daktari, alikwenda kwa wafugaji, aliwauliza hata wachunaji. Hiyo sehemu ya kuuliza hakunitamkia, na mimi sikuitazama.

Katoro nilijifunza mbio. Pale fedha ya dhahabu ikiingia asubuhi, nyama inaisha kabla ya saa nne, na kila mtu anataka kupita njia ya mkato. Siku moja ya jua kali niliona bodaboda imebeba abiria aliyevaa koti la mvua na kofia ngumu, ametulia kweli, hata tutani hatikisiki. Nikatazama chini. Hana miguu. Alikuwa ndama mzima, amechunwa, amefungwa mgongoni kwa dereva kwa mpira wa baiskeli! Nilipomsimamisha dereva akaniambia bila kupepesa macho, "Bwana Afya, huyu mgonjwa namuwahisha hospitali." Nilicheka mpaka nikasahau kuandika jina lake.

Basi, Mwakitolyo. Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Kulwa, mfugaji wa kijiji cha jirani, mama wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa anaolewa. Mnajua harusi za huku, wageni wanakuja kwa makundi, na aibu kubwa ya mwenye shughuli ni sufuria lisilo na nyama. Watu wengi hawahangaiki na Bwana Afya siku hizo, wanachinjia nyumbani nyuma ya zizi na mambo yanaisha. Mama Kulwa hakufanya hivyo. Alimswaga fahali wake alfajiri mpaka kwenye karo letu la kuchinjia, akamwita mchinjaji rasmi, akasimama pembeni na khanga yake mpya kunisubiri nikague. Kati ya watu wote niliowahi kuwahudumia kule, yeye peke yake alifuata sheria kwa ajili ya harusi.

Nikakagua. Ini safi, mapafu safi, tezi zote nzuri, ulimi na mashavu hayana hata lengelenge moja la tegu. Fahali wa kupendeza. Nikapitisha kidole kwenye mbavu kwa mazoea, nikafika kumi na tatu, na kidole kikaendelea. Kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne. Nikaenda upande wa pili. Kumi na nne!

Maisha yangu yote nilikuwa natafuta ubavu uliopungua. Aliyezidisha nilikuwa sijamwona, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba yupo. Nikasimama pale na kisu mkononi kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

"Bwana Afya, ana nini?" Mama Kulwa aliuliza. "Huyu nimemzalisha mwenyewe, hajaugua hata siku moja."

"Ana ubavu wa kumi na nne."

"Huo ni ugonjwa gani?"

Kwa kutojua, nikapandisha sauti, nikamwambia sheria ni sheria, nyama hii hailiwi. Nikaandika "umbile lisilo la kawaida", nikaamuru fahali mzima afukiwe kwenye shimo nyuma ya karo, kabla hata hajapasuliwa mgongo kwa shoka. Kwenye harusi ya Kulwa wageni walikula maharage na dagaa.

Kama yangeishia hapo ningekuwa nimewakosesha watu mlo mmoja. Hayakuishia hapo. Asubuhi mbavu zilikuwa kumi na nne. Jioni zilikuwa ishirini. Kesho yake Katoro walikuwa wanasimulia ng'ombe mwenye mioyo miwili. Watu walisema, kama serikali yenyewe imemfukia, basi kuna kitu kwenye zizi la yule mama. Wakaanza kumzuia asinyweshe mifugo kwenye lambo la kijiji. Wakakataa madume yao yasikaribiane na mitamba yake. Wachumba wa Doto wakaacha kupita. Na mnajua kwetu Usukumani kutengwa ni nini: hupewi moto, huchotewi maji, ukiwa na msiba unachimba mwenyewe. Mwaka mmoja na zaidi alivumilia.

Nilikutana naye mnadani. Nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia vizuri, kwa heshima, halafu akasema, "Tunahama. Kijiji kinakaa kikao Jumamosi kukata neno, lakini neno lenyewe nalijua. Tunakwenda upande wa Geita na Doto na ng'ombe zangu, tutafute pa kukaa."

"Kwa sababu gani, mayu?"

Akanitazama usoni. "Kwa sababu yako."

Niliona aibu, vijana, aibu ya kunifanya nisile. Na bado sikujua la kufanya, kwa sababu bado sikujua nimekosea wapi. Sikuwa na uhakika kama fahali yule alikuwa mzima au mgonjwa! Ningesimama kwenye kikao niseme nini?

Siku mbili baadaye, Alhamisi, akaja Mwalimu Zuhura. Huyu alikuwa anafundisha baiolojia sekondari, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Shinyanga mjini ambao babu zao walitoka pwani, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Kila muhula alikuja kwetu kuchukua macho na mioyo ya ng'ombe kwa ajili ya wanafunzi wake kupasua. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapanga macho kwenye chombo chake cha barafu, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama mtu anayemuulizia rafiki yake.

"Mwalimu, kuna ugonjwa unaomwongezea ng'ombe ubavu?"

Macho mawili yalimponyoka yakabingirika sakafuni. "Umeona? Umeona wewe? Wapi? Pande zote mbili?"

Nikamweleza yote, hata maharage na dagaa. Alipomaliza kusikitika akauliza swali moja: "Kiunoni palikuwa na mifupa mingapi?"

"Kiuno sikuhesabu."

"Bwana Afya! Wewe?"

Kulikuwa na ng'ombe ametundikwa pale. Akanivuta mpaka kwenye uti wa mgongo na kuniambia nihesabu pingili kuanzia shingoni. Shingo, saba. Kifua, kumi na tatu, kila moja na mbavu zake. Kiuno, sita, zile zenye mabawa mapana pembeni badala ya mbavu. Kazini miaka thelathini, na kiuno nilikuwa nakihesabu kwa mara ya kwanza.

"Kifua na kiuno pamoja?"

"Kumi na tisa."

"Sasa sikiliza. Yule fahali, kama kiunoni alikuwa na sita, basi kweli kaongezeka kitu. Lakini kama alikuwa na tano, kumi na nne na tano ni ngapi?"

Kumi na tisa. Vijana, nywele zilinisimama. Hakuna kilichozidi! Pingili ya kwanza ya kiuno ilikuwa imejiona iko kifuani, ikaota mbavu kama wenzake wa kifuani, basi. Nikamuuliza mfupa unajuaje kama uko kifuani au kiunoni, na hilo ndilo swali alilokuwa analisubiri tangu azaliwe.

Akaniambia kila mnyama huanza na chembe moja, ikagawanyika, zikawa nyingi zinazofanana kama punje za mtama. Lazima kitu fulani kiiambie hii, wewe uko shingoni, na ile, wewe uko kiunoni. Kitu hicho ni kundi la jeni. "Ni kama vibao vya anwani za makazi walivyotubandikia milangoni," alisema. "Kibao hakijengi nyumba. Kinasema tu uko mtaa gani, na mafundi wanajua mtaa huo unajengwaje." Kiunoni kuna jeni zinazosema, hapa hatuoti mbavu. Zikianza kazi kwa kuchelewa pingili moja, mpaka wa mtaa unasogea nyumba moja nyuma, na nyumba hiyo inajengwa kwa ramani ya jirani. Nyama yake haina kosa lolote.

Na jeni hizo, kwa wanyama wengi, zimepangana kwenye uzi mmoja kwa mpangilio ule ule wa mwili! Ya upande wa kichwa imekaa upande mmoja, ya kifua inafuata, ya mkia iko mwisho. Nilimfanya arudie mara tatu. Nani alipanga foleni hiyo?

"Hapo ndipo utamu ulipo," akasema, ameshasimama, anatembea huku na huku na kisu changu mkononi. "Nzi anazo. Nzi huyu huyu anayekusumbua kwenye nyama. Zikivurugika, nzi anaota miguu kichwani mahali pa vipapasio, au anaota mabawa manne badala ya mawili. Na watu wamechukua jeni ya namna hiyo kwa panya wakaipachika kwa nzi, na mwili wa nzi ukaielewa!"

"Kwa hiyo mimi na nzi tumesoma kitabu kimoja?"

"Kimoja. Ila chako kimenakiliwa mara nne. Mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo walikirudufu, ndiyo maana wewe una seti nne."

"Na minyoo ya ini?"

"Nao wanazo, ingawa zao zimepungua na kutawanyika."

Mungu wangu. Miaka yote ile nimekata maini na kuwatupa ndugu kwenye ndoo.

Akaendelea, mimi nimeacha kazi kabisa, wachunaji nao wamesogea. Twiga ana pingili saba shingoni, panya saba, mimi saba. Zimerefushwa tu au kufupishwa. Nyoka, karibu mwili wake wote ni kifua, mbavu baada ya mbavu. Ukiwafuata nyuma ng'ombe na nzi na mnyoo mpaka kwa babu yao mmoja, unakuta kiumbe kidogo baharini, zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, hana mfupa hata mmoja, hana mbavu, hana mguu, lakini orodha ile ya mitaa tayari anayo. Ukirudi nyuma zaidi, hata konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, ana jamaa wa jeni hizo. Ukifika kwa sifongo, mnyama wa baharini aliyejaa matundu, orodha inapotea, na hapo wataalamu wanabishana kama haikuwepo au ilikuwepo wakaipoteza.

"Hawajui?" nikauliza.

"Hawajui bado. Na hawaoni aibu kusema."

Hilo lilinichoma, sijui kama alikusudia. Mchimbaji mmoja aliyekuja kununua utumbo akadakia kwamba miamba ya dhahabu ya Geita ina umri mkubwa kuliko huyo babu wa nzi. Mwalimu akakubali, ni mabilioni ya miaka, lakini akamwambia mwamba wako hauna mtoto, na hiyo orodha imerithishwa kutoka mzazi kwenda kwa mwana bila kukatika hata siku moja mpaka ikaingia kwenye fahali wa Mama Kulwa. Mchimbaji akasahau utumbo wake juu ya meza.

Lakini Zuhura alikuwa mkweli. "Siwezi kuapa ni jeni gani imesogea kwa yule fahali, hiyo ni kazi ya maabara. Ila kiuno chake kinahesabika na mtu yeyote. Mifupa iko wapi?"

"Nimeizika," nilisema.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nyuma ya karo na jembe. Sasa fikirini: Mwakitolyo, kwenye machimbo, mtumishi wa serikali amevaa buti, anachimba taratibu, anatazama kila donge la udongo, na mwalimu amechuchumaa kando na brashi ya viatu. Nusu saa haikupita, watu thelathini wamenizunguka na sururu.

"Mzee, umeona dhahabu?"

"Naona mbavu."

"Usitufiche, Bwana Afya. Nchi hii ni yetu sote."

Kuna waliokuwa wameshaanza kupima maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa hatua, wanagombania nani akae jirani na mimi! Nikaona siwezi kuwashinda, nikawaeleza habari yote, ya Mama Kulwa na ya nzi mwenye miguu kichwani. Baadhi waliondoka wakitukana. Waliobaki wakasema, "Mzee, huchimbi hivyo, utavunja." Wakachimba wao. Na hao ni mafundi, wanajua kufuata kitu chembamba ndani ya ardhi bila kukigusa. Kabla ya adhuhuri uti mzima wa mgongo ulikuwa juu ya gunia, mweupe, mchwa na chokaa tuliyomwaga shimoni vimeshafanya kazi yao, na harufu wala haikuwa mbaya sana, au labda pua yangu si shahidi wa kuaminika.

Zuhura akanipa brashi. "Hesabu wewe."

Kila pingili ya kifua ina vishimo viwili vya kupokea vichwa vya mbavu. Nikahesabu zenye vishimo: kumi na nne. Halafu zenye mabawa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Nikapapasa mbele ya ile ya tano, nikakuta nyonga.

Nilipiga kelele. Mtu mzima, nywele nyeupe, nilipiga kelele na kuruka kwenye shimo la nyama mbovu, na wachimbaji nao wakapiga kelele kama wameona mkanda wa dhahabu. Nilikuwa na furaha mbili kwa pamoja na sikuweza kuzitenganisha: kwamba nimeishika kwa mkono wangu kazi ya kiumbe wa baharini ambaye hakuwahi kuwa na mfupa, na kwamba fahali alikuwa mzima. Halafu ile ya pili ikanigeukia. Fahali alikuwa mzima. Basi kesho lazima niyaseme hayo mbele ya watu.

Kikao kilikaa uwanjani penye ofisi ya kijiji. Mama Kulwa amekaa chini na Doto, peke yao, pamebaki nafasi kubwa kuwazunguka. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikatandika turubai, nikapanga migongo miwili: wa ng'ombe wa kawaida niliokuwa nimeuchukua karoni, na wa fahali. Sikuhubiri kuhusu jeni, si mwanzoni. Niliwaambia wao ni wafugaji, wanajua ng'ombe kuliko mimi, waje wahesabu wenyewe, kuanzia chini ya shingo mpaka nyonga. Wakaja. Mzee mmoja akahesabu kwa sauti kwa Kisukuma na umati ukamfuata, mgongo wa kwanza mpaka kumi na tisa, wa pili mpaka kumi na tisa. Wakarudia kutoka upande wa mkia, kwa kuwa hawakuniamini. Kumi na tisa.

"Hajazidi," mzee akasema.

"Hajazidi," nikasema. "Hakuwa na ugonjwa, hakuwa na mkosi, nyama yake ilikuwa safi."

"Sasa kwa nini uliizika?"

"Kwa sababu sikujua ni nini, na niliona aibu kusema sijui. Kosa ni langu. Mama huyu hana kosa."

Mfugaji mmoja nyuma akakohoa. "Mimi nimewahi kumla wa namna hiyo. Kumi na nne, pande zote. Nyama tamu kabisa."

Mwenyekiti akamgeukia kwa hasira. "Na mwaka mzima umekaa kimya?"

"Nilimchinjia nyumbani bila kibali, Mwenyekiti. Ningesemaje mbele ya Bwana Afya?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na kicheko hicho kilifanya kazi ambayo hotuba yangu isingeiweza. Ndipo nikawamwagia habari zote, nzi, panya, nyoka, konyeza, nikirukaruka kwenye turubai, mpaka Zuhura akanivuta koti. Mwenyekiti akatangaza kwamba Mama Kulwa abaki, lambo ni lake kama ni la kila mtu, na anayemnyima moto atamjibu yeye mwenyekiti.

Mama Kulwa akasimama. Hakutabasamu. "Nitabaki wapi?" akauliza. "Nimeshaezua."

Tukaenda kutazama. Kweli, mabati yote yalikuwa chini, yamefungwa kwa kamba tayari kwa mkokoteni, na kuta zimesimama wazi chini ya mbingu. Kikao kikahamia pale pale, hakikuchukua dakika tano. Wakasema, aliyeiezua nyumba hii ni Bwana Afya, na Bwana Afya ndiye ataiezeka.

Siku tatu nilikuwa juu ya paa na nyundo. Vijana wa kijiji walinipandishia mabati, na waliponiuliza habari za nzi niliwaeleza kutoka juu kwa sauti, misumari mdomoni. Siku ya tatu jioni, jua bado liko juu kidogo, Mama Kulwa akaniita nishuke nile. Doto alinimwagia maji ya kunawa. Ulikuwa ugali na sahani ya nyama ya mbuzi, inafuka moshi.

Mkono wangu ukasimama hewani. Miaka yote ya kazi sikuwahi kutia mdomoni nyama nisiyoijua ilikotoka.

"Mayu, mbuzi huyu amekaguliwa na nani?"

"Hakuna."

"Ini lake liko wapi nilitazame?"

"Nimelila."

Akanisogezea sahani karibu zaidi, akakaa mbele yangu kusubiri. Nikala, na nikaomba nyingine.